Nani Aliita Risaga

Nilipostaafu kufundisha katika chuo kidogo cha Biblia, nilidhani nitamalizia miaka yangu kwa kufuga kuku pale Turwa na kusoma polepole mambo niliyowahi kuyafundisha kwa haraka. Kuku walipatikana, na baadhi yao wapo hadi leo. Lakini usharika wetu ulikuwa umesajili shirika dogo lisilo la kiserikali. Shirika hilo lilikuwa na muhuri, kabati na mwenyekiti, ila halikuwa na mtu wa kuandika. Wakanikumbuka. Walisema mzee aliyezoea kuandaa masomo hawezi kushindwa kuandaa andiko la mradi.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kama nilivyoogopa. Maombi ya ruzuku yanafanana na mafundisho ya ubatizo. Kuna swali, kuna jibu, na jibu sharti lilingane na swali. Mtu anayejibu jambo zuri ambalo hakuulizwa huanguka, hata kama jambo hilo ni la kweli. Niliwafundisha watu wazima mafundisho hayo kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijua jinsi ya kukaa mbele ya swali bila kulikimbia.

Kumpata mfadhili ndiko kulikokuwa na safari ndefu. Kila Jumatatu asubuhi nilikwenda mjini kwenye duka la steshenari, na mama mwenye duka alinifungulia matangazo kwenye kompyuta yake huku akitoa kopi za vyeti vya watu. Nilisoma masharti kwanza. Wafadhili wengine hawakutaka shirika la dini. Wengine walitaka la dini, lakini si dini ya namna yetu. Wengine walitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka ambayo shirika letu lilikuwa halijazaliwa. Nilipopata tangazo ambalo halikutufukuza mlangoni, niliandika, nikasahihisha, nikarudi wiki iliyofuata kutuma. Kabla ya kubonyeza nilimwomba mama yule asubiri, nikafumba macho na kuomba kimya. Wateja wake walizoea. Siku moja kijana mwenye haraka alisema, "Mzee, mtandao utakata."

"Ukikata tutatuma tena," mama akamjibu bila kugeuka. "Acha amalize."

Majibu mengi yalikuwa ya kukataa, na yalikataa kwa adabu. Nilimshukuru Mungu hata kwa hayo, kwa kuwa mtu fulani, mahali nisipopajua, alikuwa ameketi akasoma habari za watu wa Tarime hadi mwisho. Nilijifunza kungoja. Maandiko yamejaa watu waliongoja, na wengi wao walingoja mambo makubwa kuliko ruzuku.

Habari ya zahanati niliipata kanisani. Mhudumu mmoja alisema kwamba huko Kemambo kuna muuguzi wa zahanati anayelaza wajawazito kwenye sebule yake. Nilipanda bodaboda nikaenda kuona, kwa sababu sijawahi kuweza kuandika juu ya nyumba ambayo sijaingia.

Muuguzi huyo alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Iringa, aliyeletwa na serikali miaka kadhaa kabla. Aliniamkia, akanikaribisha, kisha akasita mlangoni.

"Baba, karibu, ila utaniwia radhi. Pita pembeni mwa ukuta."

Kochi lilikuwa limesukumwa hadi kona. Sakafu yote ilikuwa magodoro. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikunja miguu ili nipite, na mwingine akaamka akanipisha kiti. Walitoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Mvua zikianza, mto hujaa na hakuna anayevuka, kwa hiyo walikuja mapema na kungoja siku zao hapo. Zahanati ilikuwa na kitanda cha kuzalia, lakini haikuwa na mahali pa kungojea.

"Hapa ndipo ninapoishi," muuguzi akasema. "Au tuseme ndipo ninapopita kwenda kulala."

Nikamwuliza kama ana familia. Akasema mume wake ni mwalimu, bado yuko Iringa na watoto. Kila mwaka mume huyo aliomba uhamisho wa kuja huku, na kila mwaka walimwambia asubiri. Sasa walikuwa wamemwambia kwamba mwisho wa mwaka huenda ikawezekana.

"Nyumba hii ni chumba na sebule tu," akaendelea, akipunguza sauti ili wale wanawake wasisikie, ingawa walisikia. "Wanangu wakija, watalala wapi? Na nikiwapa wanangu sebule, hawa watakwenda wapi? Nimeshawahi kumpokea mmoja aliyejifungulia kwenye ukingo wa mto. Sitaki kumpokea mwingine."

Hilo ndilo lililokuwa swali, na lilikuwa swali zuri kwa mwandishi wa maombi, kwa kuwa jibu lake lilikuwa nyumba. Vyumba viwili vikubwa, jiko la nje, choo, na tangi la maji ya mvua.

Mwezi ule ule nikapata mfadhili anayesaidia majengo madogo ya afya ya uzazi. Masharti yake yalikuwa mepesi isipokuwa moja: sehemu ya gharama itoke kwa wananchi wenyewe. Kama hawana fedha, watoe nguvu kazi, na nguvu kazi hiyo ithaminiwe kwa shilingi na kuandikwa kwenye bajeti.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akaniita mbele ya wazee na akina mama wachache. Waliposikia kinachotakiwa, walicheka. Mama mmoja mzee sana, ambaye akina mama wa kijiji kizima walimsikiliza, alisema mawe, mchanga na maji ni juu yao. Kwao hilo halikuwa jambo la kuandikwa.

"Ni risaga tu," akasema. "Kwani tulianza kulima juzi?"

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Risaga ni kazi ya pamoja. Leo majirani wanakuja shambani kwangu, wanalima, wanakula na kunywa togwa. Kesho natoka na jembe langu kwenda kwa mwingine. Hakuna anayelipwa. Mama yangu aliniingiza humo kabla sijajua kusoma.

Nikarudi Turwa nikajaza bajeti. Niliuliza kibarua wa ujenzi mjini analipwa kiasi gani kwa siku, nikakadiria watu watakaofanya kazi, nikazidisha. Kiasi kilichopatikana kilifikia kile kilichotakiwa, na mstari ukasomeka vizuri: nguvu kazi ya wananchi, thamani yake, jumla. Mama wa steshenari akangoja nilipofumba macho, kisha akabonyeza.

Tulikubaliwa. Nilisoma barua pepe hiyo mara mbili, nikamwomba mama aisome pia, naye akaisoma kwa sauti, na mteja aliyekuwa anangoja kopi akasema hongera bila kujua ni za nini. Fedha zingetoka kwa awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya saruji, nondo na fundi. Ya pili, ambayo ndiyo ya bati na kumalizia, ingetoka baada ya mchango wa wananchi kuonekana kwa macho. Tena mkataba ulitaka bajeti yote isomwe hadharani kijijini, mstari kwa mstari, ili asije mtu akafichwa.

Nililiona sharti hilo kuwa jema, na bado naliona hivyo.

Kijiji kikakutana kwenye ritongo, huo mkutano wetu wa hadhara ambao kila mwenye neno hulisema amesimama. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasoma saruji. Nikasoma nondo. Nikasoma malipo ya fundi, na watu wakaguna kidogo, wakisema fundi amebahatika. Kisha nikasoma mstari wa nguvu kazi ya wananchi pamoja na thamani yake.

Mwanamume mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, mchimbaji mdogo aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka machimbo ya Nyangoto, akasimama.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimesikia vizuri, au masikio yangu yamejaa vumbi la mashimo? Umesema nguvu zetu zimefanyiwa tathmini?"

"Nimesema zimethaminiwa, ndiyo."

"Basi tunalipwa lini?"

Watu walicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa na masikio, likingoja jibu. Nikaeleza kwamba hiyo si fedha inayokuja. Ni hesabu ya kile ambacho wananchi wanatoa.

"Mwalimu, usitufanye watoto," akasema, bado kwa heshima. "Kule nilikotoka, mthamini akija akaandika mwembe wako ni kiasi hiki, na choo chako ni kiasi hiki, maana yake fidia inakuja. Inaweza kuchelewa, lakini inakuja. Sijawahi kuona mtu anathaminiwa halafu yeye ndiye anayetoa."

Hapo nilielewa shida ilipo, na nilielewa pia kwamba ilikuwa imeshasimama kwa miguu yake yenyewe. Katika upande huu wa Tarime kila mtu ana ndugu au jirani ambaye shamba lake limewahi kupimwa kwa ajili ya mgodi na kuandikiwa bei. Watu wanajua tofauti ya mgomba unaozaa na usiozaa kwenye karatasi ya mthamini. Neno hilo kwao lina maana moja. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, nimeshika karatasi, nimelisema mwenyewe kwa sauti.

Yule mama mzee hakusimama. Aliuliza akiwa ameketi, kwa kuwa umri wake ulimruhusu.

"Na siku yangu moja umeiandika bei gani?"

Nikamsomea.

"Hiyo?" Akawageukia wenzake. "Hiyo hainunui hata jogoo."

"Inanunua," mwenzake akasema. "Ila aliyeugua kideri."

Mkutano ulivunjika kwa vicheko hivyo. Mwenyekiti alitangaza siku ya kuanza kusomba mawe, na watu wakaitikia. Nimekaa Tarime muda wa kutosha kujua kwamba kuitikia ni adabu, na si ahadi.

Siku hiyo ilipofika nilikuta fundi ameketi juu ya mifuko ya saruji. Mwenyekiti alikuwepo kwa sababu ya cheo chake, na akina mama watatu wanne kwa sababu ya zahanati. Mama mzee naye alikuwepo, lakini hakuwa na karai wala jembe. Alikuja kuangalia.

Nikamwamkia, nikamwuliza watu wako wapi.

"Kila mtu yuko kwake, mwanangu." Aliniita mwanangu kwa haki. Mdogo wake wa mwisho na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, na tangu hapo kwake mimi ni mtoto. "Wanasema hela imekuja na umeiweka kanisani."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Mimi siamini. Lakini siwezi kubeba mawe." Aliyatazama mashimo ambayo hayajachimbwa. "Ukishaniwekea bei, nikija bure naonekana mjinga. Wajukuu wangu watanicheka. Kabla hujaniwekea bei, ningekuja tu."

Mwenyekiti alipendekeza faini kwa kila kaya isiyotoka. Muuguzi, ambaye alikuwa amekuja kusimama nasi akiwa na sare yake, alikataa kabla sijasema neno.

"Ukiwatoza faini, mwenyekiti, wataleta wake zao kujifungua hapa wakiwa wamenuna. Mimi ndiye nitakayezalisha walionuna."

Nilipiga simu kwa afisa miradi wa mfadhili, nikiwa chini ya ukingo wa paa la zahanati, mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Nikamwomba kama mstari ule ungeweza kufutwa, tuandike tu kwamba wananchi watasomba mawe na kuchimba msingi.

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini thamani ikitoka, mchango wa wananchi unakuwa sifuri. Na mradi wenye sifuri hapo mfumo unaukataa. Si mimi, ni mfumo."

"Na msingi usipochimbwa?"

"Basi awamu ya pili haitatoka. Naomba usinichukie."

Sikumchukia. Alikuwa anajibu swali aliloulizwa, kama nilivyofanya mimi.

Wiki hiyo uhamisho wa yule mwalimu wa Iringa, mume wa muuguzi, ukapita. Muuguzi aliniambia tukiwa tumeketi kwenye ngazi za nyumba yake, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kuketi. Shule zikifungwa, mume wake na watoto wangesafiri. Miaka yote hiyo alikuwa ameiombea habari hiyo, na sasa alikuwa anaisema kama mtu anayetaja tarehe ya kesi.

"Nikimwambia asije, nafasi itapewa mwingine, na hatapata tena," akasema. "Nikimwambia aje, niwatoe hawa. Baba, wewe ni mtu wa Mungu. Nimtoe nani?"

Nilimwambia nitaomba. Akasema asante, na nadhani aliimaanisha, ila alikuwa amechoka.

Kisha akauliza jambo ambalo mimi, mwenyeji, sikuwa nimejiuliza.

"Hii risaga yenu, nani anapika?"

"Mwenye shamba."

"Kwetu tunaita mgowe. Mwenye shamba anapita kuita watu kwa mdomo wake, anapika, na kesho yake yeye ndiye wa kwanza kwenda kwa mwenzake. Sasa siku ile nilipotoka kuangalia, sikuona chungu hata kimoja." Akanitazama. "Nani aliita?"

Nikafikiri. Mwenyekiti alikuwa ametangaza. Mimi nilikuwa nimeandika. Mfadhili alikuwa amedai. Hakuna aliyekuwa ameita. Shirika halina ua, halina chungu, na halina shamba ambalo watu wataliona kesho wakijua kwamba mwenye nalo atakuja kwao. Nikakumbuka yule mtu wa kwenye Biblia aliyejenga upya ukuta wa mji uliobomolewa, jinsi alivyompanga kila mtu kujenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha habari hiyo miaka na miaka, na kila mara niliisifu kama mfano wa mpangilio mzuri wa kazi.

"Basi nitaita mimi," muuguzi akasema. "Si wanalala kwangu? Basi nyumba ni yangu."

Alipita nyumba kwa nyumba jioni baada ya kazi, akiwa amevua sare na kuvaa khanga. Nilimsindikiza siku ya kwanza, kwa kuwa nyumba nyingine za wazee zilihitaji mtu wa kuzungumza Kikurya cha salamu ndefu. Hakutaja mradi wala mfadhili. Alisema anajenga chumba cha wageni wake, na anaomba majirani wamsaidie mawe na msingi siku fulani, na kwamba atapika.

Mzee mmoja, ambaye mkwe wake aliwahi kulala kwenye godoro la kwanza karibu na mlango wa sebule ya muuguzi, alimpima kwa macho.

"Wewe daktari, jembe unalijua?"

"Nimekulia Iringa, baba. Nililijua jembe kabla ya sindano."

"Ukija kwangu utapata shamba la mihogo lenye mawe."

"Nitakuja."

"Na wakikuhamisha?"

"Wakinihamisha, mume wangu atabaki na jembe langu."

"Huyo ambaye hajafika?"

"Huyo huyo."

"Hajafika, na ameshapangiwa kazi," mzee akasema, na akacheka peke yake hadi tukatoka nje ya ua.

Kwenye nyumba ya mchimbaji mwenye mabuti hatukupokelewa vizuri hivyo. Alisema hana ugomvi na muuguzi, ila anamdai mwalimu. Muuguzi akamwambia deni lake na mwalimu wamalizane wenyewe, yeye amekuja kuomba mawe. Yule bwana akaufunga mlango kwa upole.

Siku ya risaga nilifika mapema. Nyuma ya nyumba ya muuguzi akina mama walikuwa tayari, wanamfundisha namna ya kutengeneza togwa ya ulezi ya kwetu, huku wakimwambia ile aliyoipika mwenyewe ni ya wagonjwa. Wajawazito wa sebuleni walichambua mchicha wakiwa wameketi kwenye magodoro waliyoyatoa nje. Kisha watu wakaanza kuja. Hawakuja wote. Walikuja waliokuwa na shamba linalongoja kulimwa, na waliowahi kuwa na mtu ndani ya sebule ile, na waliokuja kwa sababu wengine wanakuja. Wanaume wakachimba msingi, vijana wakavunja mawe, akina mama wakasomba mchanga kwa beseni na makarai. Mama mzee alikuja na karai dogo, akabeba mara chache, kisha akaketi akawa anawaelekeza wanaobeba.

Waliniomba nisali kabla ya kuanza. Mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona kanisani aliitikia amina kabla sijafika mwisho, ili kazi ianze.

Mfadhili alikuwa ametaka watu wasaini mahudhurio. Nilimwuliza mama mzee kama itawezekana.

"Kusaini?" akasema. "Unataka kuanza tena?"

Nikaliacha. Niliandika kwenye taarifa kwamba wananchi walijitokeza na kazi ilifanyika, nikaambatanisha picha za msingi na rundo la mawe. Afisa miradi alipiga simu akauliza kwa nini hakuna saini. Nikamweleza kwamba hiyo ilikuwa risaga ya muuguzi, na waliofika walikuja kwake, si kwenye mradi. Nikasikia anabonyeza kibodi.

"Lakini ni nyumba ile ile?"

"Ni ile ile."

"Na thamani?"

"Thamani iko kwenye mstari wake. Sijaigusa."

"Basi picha zinatosha," akasema. Na awamu ya pili ikatoka. Nilimshukuru Mungu kwa kijana yule, ambaye nadhani alinipa nafasi kidogo ndani ya ule mfumo wake.

Nyumba haikumalizika kama nilivyoichora. Bati zilipandishwa, milango ikawekwa, kisha mvua zikaanza kabla ya lipu. Mto ukajaa. Muuguzi hakungoja. Aliwahamishia wanawake ndani ya kuta za matofali matupu, magodoro yale yale, na tangi likaanza kupokea maji siku ile ile. Mwanamke wa kwanza kutoka humo kwenda kujifungua alikuwa wa ng'ambo, na alirudi na mtoto wa kiume akalalamika kwamba ukuta unamchuna mgongo. Fundi alipiga lipu baadaye, chumba kimoja kwanza.

Nilikwenda tena baada ya shule kufungwa, kupiga picha za taarifa ya mwisho. Mlango wa nyumba ya muuguzi ulikuwa wazi. Sebuleni kochi lilikuwa limerudi katikati, na juu yake walikuwa wameketi watoto wawili waliochoka na safari, wakila mahindi ya kuchemsha. Baba yao alisimama haraka akaniamkia. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na begi moja lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Mwenyewe yuko zamu?" nikauliza.

"Hapana, leo amepumzika. Wamesema yuko risaga." Alilitamka neno hilo kwa uangalifu. "Kwa bibi mmoja, kwenye mihogo. Tulifika jana, na leo asubuhi akatoka na jembe. Nikamwuliza lini anamaliza, akasema hajui, kuna nyumba nyingi." Akatabasamu kidogo. "Mzee, huko ni mbali?"

Nikamwambia si mbali, na kwamba naelekea huko huko. Aliwaambia watoto wasitoke, akachukua jembe la pili lililokuwa limeegemezwa ukutani, pale lilipokuwa godoro la kwanza karibu na mlango.

Tulipita nyuma ya nyumba mpya. Wanawake wawili walikuwa wanafua kwa maji ya tangi, wakatusalimu. Njiani tukakutana na mchimbaji mwenye mabuti akirudi kutoka dukani.

"Mwalimu, shikamoo. Hela yangu?"

"Marahaba. Bado."

"Sawa. Mimi nipo."

Tangu siku ile hunisalimu hivyo popote tunapokutana, hata sokoni mjini, na siku hizi nadhani salamu hiyo ingemwuma kuipoteza.

Shambani walikuwa wameenea kwa mistari, migongo imeinama. Muuguzi alikuwa katikati, khanga imefungwa kiunoni. Aliponyanyuka akamwona mume wake na jembe, alifuta jasho tu kwa nyuma ya kiganja. Mama mzee alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mihogo mirefu, karibu na chungu. Alimtazama yule mgeni kuanzia viatu hadi miwani.

"Huyu ndiye aliyepangiwa kazi kabla hajafika?" akaniuliza kwa Kikurya.

"Ndiye."

Akaelekeza kidole mwisho wa shamba.

"Mpeleke kwenye ule mstari wenye magugu mengi," akasema. "Na mwambie avue viatu."